Mpangaji wa Kuigiza

Jumatatu, tarehe nne ya mwezi wa tano, kulikucha na manyunyu. Haikuwa mvua ya kumfanya mtu ajifiche, wala haukuwa ukavu wa kumfanya atoke, na watu wengi mtaani waliitumia hali hiyo kama sababu ya kuchelewa kazini. Kiyoyozi hakuwa na kazi ya kuchelewa. Alisimama kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, mikono mfukoni, akalitazama jengo la upande wa pili wa barabara. Madirisha ya ghorofa ya pili yalikuwa wazi yote.

Mtu wa kawaida akiona madirisha wazi husema kuna joto. Lakini nani anasikia joto siku ya manyunyu? Kiyoyozi alijua pale pale kwamba mtu amehama na rangi mpya inakaushwa. Mwenyezi Mungu amempa kila kiumbe jicho lake. Mwewe hukiona kifaranga, na Kiyoyozi huiona nyumba tupu.

Walimwita Kiyoyozi kwa sababu hakuna mtu aliyemwendea akiwaka asiondoke amepoa. Ungemfuata na rungu kwa sababu ya chumba alichokupangisha kisicho na choo, na baada ya dakika chache ungejikuta unamshukuru kwa kukuepusha na harufu. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Ofisi yake ilikuwa viatu vyake, na viatu vyenyewe vilikuwa vimeanza kucheka upande wa kidole gumba.

Tusimhukumu upesi, maana siku hiyo alikuwa na shida ya kweli. Huyu mtu aliyewapangisha wenzake nusu ya mji hakuwa na pa kulala pake mwenyewe. Alilala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa dobi, na jana yake, walipotoka ibadani, dada huyo alimwambia kwamba sebule inahitajika kwa meza ya kupigia pasi. Jumapili ijayo isimkute kwenye kochi. Alisema hivyo bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kiyoyozi. Dada Mkubwa akipaza sauti unaweza kumpoza. Akinong'ona, ameshalipeleka jambo kwenye maombi na jibu limesharudi.

Kupanga chumba si jambo la mchezo siku hizi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujapachungulia, kana kwamba wewe ndiye benki yake. Kiyoyozi hakuwa hata na ya wiki. Kwa hiyo alipoyaona yale madirisha, alivuka barabara huku akifunga vifungo vya koti.

Msimamizi wa jengo alikuwa mzee mstaafu mwenye funguo nyingi kiunoni, ukimsikia anakuja ungedhani ni mbuzi mwenye kengele. Walielewana upesi. Msimamizi alimpa ufunguo na sharti moja: kuonyesha, aonyeshe, lakini kodi ataileta mpangaji mwenyewe, mkononi mwa Msimamizi, na dalali atapata chake mwisho. Kiyoyozi aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa. Alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa anaposikia sharti ambalo halitatimizwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Vyumba viwili, sebule, jiko lenye dirisha, na bomba lililotoa maji bila kukohoa. Kiyoyozi alizunguka ndani akiandaa maneno. Doa la unyevu bafuni aliliziba kwa kalenda ya zamani. Mlango uliolia aliupaka mafuta ya kula. Kisha akaketi sakafuni akafikiri, na mpango ukaja wote kwa pamoja, kama mgeni anayefika na mizigo yake.

Angeipangisha nyumba hiyo kwa watu wawili. Kila mmoja angeambiwa kwamba Msimamizi ana tamaa na anaongeza cha juu, lakini yeye Kiyoyozi anafika kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na kwa njia hiyo kodi ni nusu. Anayelipa haraka anapata. Wote wangehamia Jumamosi asubuhi, na wakati huo Kiyoyozi angekuwa ndani ya basi, akielekea mji ambao hakuna anayemjua, akapange chumba chake kwa pesa taslimu kama mtu mwenye adabu.

Lakini mpango kama huo unahitaji kichocheo, na kila dalali anakijua. Mtu hainunui nyumba kwa macho yake, huinunua kwa macho ya mwenzake anayeitaka. Mteja akisita, awepo mpangaji mwingine wa kuigiza, aingie wakati ule ule aseme anaichukua. Kusita kutaisha kama moshi.

Kwa kazi hiyo alimchagua Mama Viatu.

Mama Viatu alikuwa mjane aliyeuza viatu vya mitumba kwenye kona ya stendi. Kila Alhamisi alikuja kwa Dada Mkubwa na wenzake wa kikundi cha maombi, na Kiyoyozi, aliyelazimika kukunja miguu kwenye kochi ili akina mama wapate pa kukaa, alimwona ni mpole kupita kiasi. Wateja walimpangia bei wenyewe, naye akawaitikia. Alilala kwenye chumba kimoja pamoja na bidhaa zake, na kila Alhamisi, zamu yake ya kutoa hitaji ikifika, hitaji lake lilikuwa lile lile: nyumba. Wenzake walikuwa wameshazoea, wakawa wanaitikia amina kabla hajamaliza.

Kiyoyozi alimweleza kwamba kuna watu wanateseka kwa kutoweza kuamua, na kumsaidia mtu kuamua ni sadaka. Angempa kitu kidogo kwa usumbufu. Mama Viatu aliuliza kama ni dhambi. Kiyoyozi alisema hapana, tena aliumia kidogo kuulizwa.

Wakafanya mazoezi ndani ya nyumba ile tupu. Alimwonyesha namna ya kusimama mlangoni, kuvuta pumzi, kuweka mkono kifuani na kusema, "Hapa ndipo." Kisha aende jikoni, afungue dirisha, atabasamu. Mara ya kwanza alisema kwa aibu. Mara ya tatu aliyasema maneno yale hivi kwamba Kiyoyozi mwenyewe alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama.

"Na wakiniuliza kama kweli naitaka?" Mama Viatu aliuliza.

"Sema ndiyo."

"Hilo halitakuwa uongo," akasema, akaendelea kulitazama jiko.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mwenye shingo ngumu ambaye kwa kazi yake alizoea kukanyaga breki za watu wengine. Alimwonya Kiyoyozi mapema kwamba yeye haingizwi mjini, maana hao wanaoendesha mjini amewafundisha yeye. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole. Alifungua bomba na kulifunga. Alivuta maji ya choo, akasikiliza yakijaa, akavuta tena. Alikagua kila kitu isipokuwa mtu aliyemleta. Hata ile kalenda bafuni aliisoma tarehe, akasema imepitwa na wakati, akaendelea na ukaguzi.

Aliposikia kodi ni nusu, na kwamba Msimamizi asijue, macho yake yalifinyika yakawa kama ya paka mbele ya sufuria ya maziwa. Hata hivyo alisema atafikiri. Hapo Mama Viatu akaingia, akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani. Kiyoyozi alimnong'oneza Mwalimu kwa huzuni kwamba mama huyu amekusanya mauzo ya viatu ya mwaka mzima na leo anakwenda kutoa pesa. Mwalimu wa udereva, asiyeingizwa mjini, alilipa ngazini kabla hawajafika chini.

Mteja wa pili alikuwa kinyozi. Wahenga walisema mwerevu hajinyoi, lakini hawakusema kama hawezi kujinyoa mfuko. Huyu alikuwa na ulimi mwepesi na mkono mzito. Alicheka, akatania, akamwita Kiyoyozi bosi, akamwita Mama Viatu shemeji, lakini pesa hakutoa. Wapangaji wa maneno, alisema, hata kwenye kiti chake pale kazini wapo wengi. Mtu anasifia mtindo mzima halafu ananyoa upara.

Kiyoyozi alikuwa amejiandaa kwa mtu wa namna hiyo. Pesa za Mwalimu alikuwa amezifunga kwenye kitambaa na kumpa Mama Viatu, ili safari hii asiseme tu, aonyeshe. Mama Viatu alikifungua kile kitambaa pale sebuleni, taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala.

Kinyozi aliacha kucheka. Akauliza, akimtazama Kiyoyozi, kama hizo pesa kweli ni za huyu mama au ni maigizo ya madalali, maana mambo hayo anayasikia kila siku kutoka kwa watu walioketi kwenye kiti chake.

Hapo ndipo Kiyoyozi alipofanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alinyoosha mkono juu. Uso wake ukawa wa mtu aliyetukaniwa mama.

"Mungu ananiona," alisema. "Pesa hizi ni za mama huyu. Jasho lake. Hakuna mtu mwingine chini ya jua mwenye haki ya hata shilingi moja ndani ya kitambaa hiki. Mimi nikija kudai, mnipige."

Kinyozi alitoka akarudi mchana ule ule na pesa zake, akihema, akamwomba Kiyoyozi amtafutie shemeji nyumba nyingine, maana roho inamuuma kumzidi kete mjane. Haikumuuma sana.

Mama Viatu naye alikuwa amemtazama Kiyoyozi wakati akiapa. Alimtazama kwa muda mrefu, macho yamejaa machozi. Kiyoyozi alidhani anasifiwa uigizaji.

Sasa, mtu atauliza kwa nini hakuzichukua pesa zote akaondoka siku ile ile. Sababu ni Dada Mkubwa. Dobi yule hakuweza kuona nguo iliyovaliwa siku mbili. Kila jioni alimvua mdogo wake koti na suruali, akageuza mifuko nje, na alichokikuta alikipeleka kwenye sadaka bila kuuliza. Kwa njia hiyo Kiyoyozi alikuwa mchangiaji mkubwa bila kupenda. Aliona ni salama zaidi pesa zilale kwa mjane mpole, kwenye kitambaa kile kile, hadi basi la Jumamosi. Akamkabidhi na za Kinyozi. Mama Viatu alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akukumbuke."

Jumamosi Kiyoyozi aliamka na furaha. Alikunja blanketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwachia dada yake kochi likiwa safi. Dada Mkubwa alikuwa ameshatoka mapema. Kiyoyozi akachukua begi, akaenda kwenye kona ya stendi kuchukua mzigo wake.

Meza ya Mama Viatu ilikuwa imefunikwa na turubai. Jirani yake, muuza mikanda, alimwambia kwa furaha, kama mtu anayetoa habari za harusi, kwamba mama hayupo. Amehama. Amepata nyumba nzuri ajabu, na asubuhi hii kikundi chake cha maombi kinaibariki. Kiyoyozi aliuliza nyumba gani. Muuza mikanda akaelekeza kwa kidevu: lile jengo linalotazamana na duka la vifaa vya umeme, ghorofa ya pili.

Kuna mahali pamoja tu katika mji mzima ambapo Kiyoyozi hakutakiwa kuwapo asubuhi hiyo, na sasa ndipo pesa zake zilipokuwa. Alisimama kidogo. Basi lilipiga honi nyuma yake. Alikwenda mbio.

Ngazini alisikia nyimbo. Kwenye ghorofa ya pili mlango ulikuwa na pazia jipya, la bluu, na harufu ya sabuni ilitoka nje kama mwenyeji anayekaribisha. Ndani akina mama waliketi kwenye mikeka, na Dada Mkubwa alikuwa katikati yao amefumba macho. Msimamizi alisimama pembeni, soda mkononi. Mama Viatu alikuja mlangoni amejifunga kilemba kisafi.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuomba na sisi?"

Kiyoyozi alinong'ona. Alisema amefuata ule mzigo.

"Mzigo upi?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Kile kitambaa."

Mama Viatu hakujua kunong'ona, au siku hiyo alisahau. Alieleza kwa sauti ya kawaida, na wimbo ukakatika ili watu wasikie. Tangu mume wake amtangulie amekuwa akiomba nyumba. Basi akaja mtu, bila kuitwa, akampeleka kwenye nyumba, akamwambia asimame mlangoni aseme hapa ndipo. Akasema. Akamwekea pesa mkononi. Yeye bado akawa na shaka, maana moyo wa mwanadamu ni mzito kuamini. Ndipo mtu yule akanyoosha mkono juu akamwita Mungu awe shahidi kwamba pesa zile ni zake na hakuna mwingine mwenye haki nazo. Siku ile ile akamletea na nyingine. Akaenda akalipa kodi mkononi mwa Msimamizi.

"Mimi ni nani," alisema, "nibishane na jibu la maombi?"

Akina mama waliitikia amina. Msimamizi naye aliitikia, kwa kuwa alikuwa amelipwa.

Je, Mama Viatu aliamini hayo yote? Mungu anajua. Wapo watu walioutazama uso wake kwa makini siku ile, na hadi leo hawakubaliani.

Kiyoyozi hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu ngazini kulitokea kishindo. Mwalimu wa udereva alikuwa anapanda na godoro kichwani. Gari lake la mafunzo lilikuwa chini, limebeba kitanda juu ya ile herufi kubwa ya mwanafunzi. Nyuma yake alipanda Kinyozi amekumbatia kabati la vioo. Kila mmoja alimsihi mwenzake apishe, maana anahamia. Kila mmoja alitaja ghorofa ya pili. Kisha wakamtazama Kiyoyozi, wakamtazama pamoja, na kwa mara ya kwanza walionekana kama ndugu.

Alijaribu kupoza. Alisema kuna mkanganyiko mdogo wa kiutawala. Alisema mwenye nyumba anajenga ghorofa nyingine. Alimsifia Mwalimu godoro. Lakini kiyoyozi nacho kina mwisho wa uwezo wake, na watu hawa wote wawili walikuwa wamesharudisha funguo za vyumba vyao vya zamani. Kinyozi aliweka kabati chini taratibu ili mikono iwe huru.

Hapo Kiyoyozi akakimbilia silaha ambayo hakuwahi kuitumia, nayo ni ukweli.

"Pesa zenu anazo huyu mama," alisema. "Ndizo alizolipia nyumba. Nilimpa mimi anishikie. Naapa."

Kinyozi alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mteja anayetaka kurudishiwa nywele.

"Bosi, uliniapia mwenyewe sebuleni humu kwamba pesa ni zake. Ulimwita na Mungu. Ukasema ukija kudai tukupige."

Mwalimu aliongeza kwamba hata yeye aliambiwa ni mauzo ya viatu ya mwaka mzima. Akauliza kama siku ile Kiyoyozi alidanganya, au anadanganya leo, maana yeye anahitaji kujua ampige kwa kosa lipi. Kiyoyozi alifungua mdomo. Akina mama wote walikuwa wanamtazama. Akisema alidanganya siku ile, ametumia jina la Mungu kutapeli mbele ya dada yake. Akisema hakudanganya, pesa ni za mama. Mwalimu na Kinyozi wenyewe hawakutaka kumwita Msimamizi awe mwamuzi, kwa sababu ingebidi waeleze kwa nini walipitia mlango wa nyuma, na mzee alikuwa ameanza kuuliza, akitikisa funguo, kodi ya nusu ndiyo kodi ipi.

"Jamani, nipeni muda," Kiyoyozi alisema. "Naahidi mbele ya hawa wote—"

"Ahadi zako tunazo," alisema Kinyozi. "Mimi ninayo moja, Mwalimu anayo moja. Hazilaliki."

Dada Mkubwa alinyanyuka kwenye mkeka. Alimsogelea mdogo wake. Kwa mazoea tu, aliingiza mkono kwenye mifuko ya koti lake akaigeuza nje, wa kulia kisha wa kushoto, na yote ilikuwa mitupu. Wakati huu hakunong'ona. Aliwageukia wale wanaume wawili akawauliza kama wamelipa kodi kwa huyu. Walisema wamelipa. Aliwauliza kama wana pa kulala leo. Walisema hawana. Akamtazama Kiyoyozi, aliyeanza kutikisa kichwa kabla ya wengine kuelewa, kisha akawageukia akina mama kwenye mikeka, na Msimamizi, na Mama Viatu aliyeshika pazia lake jipya, akanyoosha mkono juu.

"Mimi siapi ovyo, mnanijua. Lakini leo naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu wote, na nikivunja mnikumbushe kila Alhamisi: kuanzia usiku wa leo sebule yangu ni ya Mwalimu na Kinyozi, kwa sababu wamelipia kodi na aliyeipokea ni damu yangu. Kochi watajua wenyewe kama ni kwa zamu au kwa kubanana. Meza yangu ya pasi itasubiri. Na huyu mdogo wangu atafua, atasuuza na ataanika kila nguo inayoingia kwangu, mpaka kila mmoja wao arudishiwe chake chote. Na mpaka siku hiyo, atalala uani, kwenye kapu la nguo chafu."